Upepo Niliopunguza Ziwani

Juzi nilipita stendi ya Mbinga nikamkuta kijana mmoja amechuchumaa mbele ya gari lake, anajaza upepo huku simu ameibana begani. Nikamuuliza, "Unaweka ngapi?" Akanijibu bila hata kugeuka, "Thelathini na mbili, mzee. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni." Nikamuuliza gari limetoka wapi. Limetoka Songea, limeingia sasa hivi. Nikaweka kiganja kwenye tairi, lilikuwa la moto kama sufuria ya uji. Nikaenda zangu, maana nimestaafu, na mke wangu amenipiga marufuku kufundisha watu barabarani. Kuandika hakunikataza.

Basi wanangu, mimi ni Gaudensi, fundi matairi. Nimefanya kazi hii tangu nikiwa sina ndevu hadi zilipokuwa nyeupe, na karibu yote nimeifanya hapahapa Mbinga, kwenye kibanda cha mabati upande wa chini wa barabara. Sijisifu bure. Lori la kahawa likipita nilikuwa nikisikia mlio wa tairi lililolegea kabla dereva wake hajajua. Wapo waliokuja kunibishia wakaondoka kimya. Lakini leo sitaki kuwasimulia nilivyokuwa hodari. Nataka kuwasimulia siku niliyokosea mbele ya watu, tena kosa kubwa, na kwa nini siku hiyo ndiyo ninayojivunia kuliko zote.

Kwanza mjue nilijifunzia wapi. Nilijifunzia Kitai, kwa Mzee Haule, ambaye alikuwa na geji moja tu ya kupimia upepo, nyembamba kama kalamu, na aliifunga kamba shingoni kama padri na msalaba wake. Mzee yule hakuwa na maneno mengi. Wiki yangu ya kwanza alinikuta napiga tairi la lori teke, namwambia dereva, "Liko vizuri hili." Mzee hakunigombeza. Alimwomba dereva asubiri, akatoa upepo wote wa tairi lile, akanipa pampu ya mguu. Nilipampu mpaka jasho likaingia kwenye viatu. Kila nilipodhani limejaa aliniambia, "Lipige teke tena unieleze." Tangu siku ile sijawahi kupiga tairi teke, na nikimwona mtu anafanya hivyo mguu wangu unauma.

Mzee Haule ndiye aliyenifundisha pia mambo ya ziwani. Zamani hizo malori yalikuwa yakishuka mpaka ufukweni, kule Ngumbo na vijiji vya jirani, kupakia dagaa na mihogo. Kule chini ni mchanga. Lori likifika na matairi yaliyokaza linazama hadi ekseli, na kulitoa ni kazi ya kijiji kizima. Kwa hiyo desturi yetu ilikuwa moja: ukifika ziwani, unashuka, unatoa upepo. Tairi linalala kidogo, linatanuka, linapita juu ya mchanga. Mkimaliza kupakia mnapampu tena na kupanda mlima. Nimeifanya kazi hiyo safari nyingi kiasi kwamba mkono wangu ulikuwa ukinusa ziwa tu, unatafuta wenyewe kofia ya vavu, pale upepo unapoingilia.

Likumbukeni hilo la mchanga, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Mambo yakabadilika. Tyubu zikaanza kupotea, yakaja matairi yasiyo na tyubu. Pampu ya mguu ikaenda kukaa stoo, ikaja kompresa. Lami ikashuka kutoka Mbinga hadi ziwani, na barabara iliyokuwa inatuchukua kutwa nzima ikawa ya saa chache. Na vijana wakaanza kupenda magari kwa namna ambayo sisi hatukuijua. Kwetu gari lilikuwa la kubebea gunia. Wao wanaliosha, wanalisikiliza, wanalitungia na jina.

Kati ya vijana hao alikuwamo binti yangu Osmunda. Huyu alikulia kibandani kwangu. Akiwa shule ya msingi alikuwa akifanya hesabu zake ameketi juu ya tairi la trekta. Alipomaliza kidato cha nne akajifunza udereva, akaendesha gari la kubeba miche ya kahawa, na baadaye akajikusanya akanunua kigari kidogo cha zamani, cheupe, ambacho mlango wake mmoja ulikuwa wa bluu. Mama yake alisali rozari. Mimi nilikagua matairi.

Sasa huko chini, kabla hujafika ziwani, kuna eneo lililokuwa kambi ya wajenzi wa barabara. Walipoondoka waliacha kipande cha lami kinachozunguka, kilikuwa cha magari yao mazito kugeuzia. Mwalimu mmoja wa sekondari, mpenda magari, akaenda ofisi ya kijiji akaomba ruhusa, na mara moja kila kiangazi, watu wakishapeleka kahawa, vijana wa Mbinga na Songea wakawa wanakusanyika pale. Hawashindani bega kwa bega. Gari moja linaingia, dereva kavaa kofia ngumu na mkanda, anazunguka, Mwalimu anashika saa. Anatoka, anaingia mwingine. Wenyewe wakapaita Mzunguko.

Mwaka huo wa kwanza magari yalikuwa sita, na wote sita walisema neno moja: matairi atazame Fundi Gaudensi. Mnaelewa nilivyojisikia? Nilinunua hadi kofia mpya.

Tuliondoka Mbinga asubuhi yenye baridi ile ya kwetu ya mwezi wa saba, pumzi inatoka kama moshi. Nilikuwa nimejaza matairi yote hadi thelathini, yakiwa baridi, bila makosa. Tukashuka milima. Mnaijua ile njia, kona juu ya kona, mguu hautoki kwenye breki. Breki zikichemka ringi inachemka, na ringi ikichemka upepo wa ndani unachemka. Tulifika adhuhuri, ziwa linang'aa, jua kali. Nikashika geji, nikapima tairi la kwanza: thelathini na sita.

Hapo ndipo mkono wangu ulipofanya kazi bila kuniuliza. Tuko ziwani, tairi limekaza, toa upepo. Nikapita gari hadi gari nikishusha yote mpaka ishirini na sita, napiga mluzi. Hakuna aliyehoji. Osmunda peke yake alikuja akasimama pembeni.

"Baba, si kidogo hiyo?"

"Tumefika ziwani," nikamwambia. "Mimi nimeanza kushuka huku kabla hujazaliwa."

Akarudi kwenye gari lake. Alikuwa ananiheshimu, na mimi niliitumia heshima yake vibaya. Hapo penye Mzunguko hapakuwa na punje ya mchanga. Ilikuwa lami tupu.

Asubuhi yake tulikunywa chai na mihogo. Sikupima tena. Kwa nini nipime, wakati jana nilipima kwa mkono wangu mwenyewe? Kitu kimoja tu nilifanya, na namshukuru Mungu nilikifanya: nilichora mstari wa chaki kwenye bega la kila tairi, kutoka pale panapokanyaga hadi ubavuni kwenye maandishi. Gari likizunguka, chaki inafutika hadi pale tairi linapolalia. Ikifutika kidogo tu tairi liko imara. Ikifutika hadi ubavuni tairi limelala mno.

Osmunda ndiye aliyeanza. Akapita raundi ya kwanza taratibu. Ya pili akaongeza. Kwenye kona ndefu ya kulia nikaona gari limeinama upande wa kushoto kuliko inavyopasa, nyuma ikachepuka, likatoka nje ya lami likaingia kwenye majani, vumbi likafunika kila kitu. Nilianza kukimbia, na miguu yangu hii ya kuchuchumaa maisha yote haijui kukimbia. Kabla sijafika vumbi likatulia, nikaona kigari kinajirudisha chenyewe barabarani, polepole, mlango wa bluu upande wetu.

Alisimama, akavua kofia. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Umeumia?"

"Hapana, baba. Gari lilikuwa linaogelea. Nikikata usukani linachelewa, halafu linakuja lote kwa mpigo." Akatazama ile kona. "Labda niliingia kwa kasi mno."

Nyuma yangu kulikuwa na kijana wa Songea anaitwa Festo, mwenye gari jekundu, zito na lenye nguvu kuliko yote pale. Yeye alikuwa wa pili. Akawaambia wenzake, kwa sauti ya kusikika, "Kona ile inataka mwanamume." Wakacheka. Osmunda akaangalia chini. Festo akaenda kuingia kwenye gari lake na kufunga mkanda.

Mimi nilikuwa nimeshainama kwenye tairi la mbele kushoto. Chaki imefutika yote, mpaka juu ya maandishi, na maandishi yenyewe yamesuguliwa. Nikapitisha kiganja: mabega ya tairi yanaunguza, katikati ni vuguvugu. Tairi likiwa hivyo linakanyagia mabega, maana yake halina upepo wa kutosha. Halafu nikaona jambo baya zaidi. Kati ya tairi na ringi palikuwa na majani mabichi yamebanwa. Maana yake tairi lilifunguka kwenye ringi wakati gari linateleza, likameza majani, likajifunga tena. Lingekawia kujifunga kidogo tu, lingechomoka kabisa, na gari lingebiringika na mwanangu ndani.

Nikachomeka geji kwenye gari lililokuwa limesimama jirani, ambalo halijaguswa tangu jana. Ishirini na mbili.

Hapo nikaelewa yote kwa mara moja. Jana nilipima moto wa mlima nikauona kama upepo. Nilitoa upepo halisi kwa sababu ya joto la breki, joto likaondoka zake na upepo nilioutoa haukurudi. Na mkono uliotoa haukuwa unafikiri kuhusu lami, ulikuwa unafikiri kuhusu mchanga wa Ngumbo.

Nitawaambia ukweli, wanangu, maana umri huu sina sababu ya kujipaka mafuta. Kwanza nilifikiria kunyamaza. Osmunda mwenyewe alishasema ni kasi. Watu walishaamini ni binti asiyejua kona. Ningeweza kuzunguka na kompresa, nikasema naongeza kidogo, na kofia yangu mpya ingebaki kichwani. Na kwa huyu Festo, Mungu anisamehe, kwa muda mfupi nilitamani aende tu akaijaribu hiyo kona yake ya wanaume.

Lakini Mwalimu alikuwa ameshainua kibendera. Nikasimama katikati ya lami, mbele ya boneti ya gari jekundu, mikono juu.

"Zima gari."

Festo akatoa kichwa dirishani. "Vipi tena, mzee?"

"Zima gari ushuke. Na ninyi wengine sogeeni hapa." Wakasogea. "Osmunda hakukosea kona. Aliyekosea ni mimi. Jana nimewatolea upepo matairi yakiwa ya moto, nikawaacha na ishirini na mbili, magari yote sita. Mwanangu amenusurika kwa kuwa alijua kulirudisha gari. Njooni muone haya majani."

Wakainama mmoja mmoja wakatazama. Hakuna aliyecheka. Festo alitazama muda mrefu kuliko wote, kisha akaenda akatazama matairi yake, akarudi akiwa amevua kofia.

Mwalimu akaniuliza kwa upole, "Sasa fundi, tuweke ngapi?"

Miaka yote ya kazi, swali hilo nilikuwa nalijibu kabla mtu hajamaliza kuliuliza. Nikamtazama Mwalimu, nikamtazama binti yangu. Nikasema, "Sijui."

Hilo neno lilinitoka kwa taabu kuliko jino. Lakini lilipotoka nikajisikia mwepesi, na kazi ya kweli ikaanza. Kumbe sikuwa najua kwa sababu hakuna anayeweza kujua akiwa amesimama. Namba ya mlangoni ni ya mtu anayeenda sokoni. Namba ya Mzunguko unaitafuta kwenye Mzunguko.

Tulifanya hivi. Tukasogeza magari yote kivulini, maana tairi la upande wa jua linadanganya hata likiwa limesimama. Tukayaacha yapoe, tukala. Kisha nikayajaza yote hadi thelathini, na nikamwambia Osmunda mbele ya watu, "Sikuamrishi. Ukiona hutaki kuingia tena leo, hakuna atakayekulaumu."

Akavaa kofia. "Nizunguke mara ngapi?"

"Mara tatu. Ya kwanza pole, mbili kwa nguvu, halafu uje moja kwa moja. Usivute breki ya mkono, breki za moto zinanasa."

Akaenda. Nilihesabu kila kona nikiwa nimeuma meno. Aliporudi tu nikamrukia na geji kabla joto halijakimbia. Kushoto mbele thelathini na saba, kulia mbele thelathini na tano. Mnaona? Mzunguko ule kona nyingi ni za kulia, kwa hiyo gari linaegemea kushoto, na matairi ya kushoto yanapata moto zaidi. Ukianza nayo sawa yote manne, utamaliza nayo hayako sawa. Nikagusa: katikati kunaunguza kuliko mabega. Sasa upepo ni mwingi. Osmunda akasema, "Haliogelei tena, ila mbele linateleza juu juu, halishiki."

Nikayasawazisha yakiwa ya moto, thelathini na nne kote, maana safari hii moto ulikuwa wa Mzunguko wenyewe, si wa mlima. Akaenda tena mara tatu. "Afadhali," akasema. Tukashusha mbele mpaka thelathini na tatu. Akaenda. Chaki ikaishia pale pale kwenye ukingo wa bega, bila kugusa ubavu, na kiganja changu hakikuona tofauti kati ya katikati na pembeni. Tukajaribu thelathini na mbili mbele, akarudi akitikisa kichwa kabla hajafungua mlango. Tukarudisha thelathini na tatu. Nyuma aliipenda thelathini na moja. Kila tulichofanya alikiandika mwenyewe kwenye daftari la shule: namba ya baridi, namba ya moto, jua au kivuli, na gari lilisema nini. Namba za baridi za kuanzia zikawa hazilingani kabisa kushoto na kulia, mtu asiyejua angedhani nimelewa.

Nilipenda namna alivyokuwa akizungumza. Sikuwahi kumfundisha maneno hayo. Mimi najua tairi kutoka nje, kwa kiganja na sikio. Yeye alikuwa analijua kutoka kwenye kiti, kwa mgongo wake. Siku hiyo nilielewa kuwa nusu ya ufundi wangu ilikuwa inakosekana maisha yote, na mwenye nusu hiyo nilikuwa nampa chai kila asubuhi.

Jioni ilipokaribia Mwalimu akamwita aingie apimwe kwa saa. Akaingia. Kona ndefu ya kulia aliipita gari likiwa limetulia, limeinama kiasi, na alipotoka upande wa pili hata vumbi hakuacha. Mwalimu akatazama saa yake, akaitikisa kama imekwama, akatazama tena. Kati ya magari yaliyotangulia kupimwa mchana huo hakuna lililokuwa limepata muda mzuri kama huo, na jekundu lilikuwa bado halijaingia.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili hivi kutoka kwenye kigari, geji mkononi, nimejiandaa, maana nilijua sasa Festo lazima aje. Akaja kweli. Akanipita.

"Dada," akamwambia Osmunda, "samahani kwa yale ya asubuhi. Naomba unisaidie. Mbele umeweka ngapi?"

Osmunda alikuwa anafuta chaki kwenye bega la tairi. Hakuinua kichwa.

"Namba zangu hazitakufaa, kaka, gari lako ni zito. Ingia mara tatu, usivute breki ya mkono, urudi nikupimie."

Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kiganja wazi, akisubiri geji. Nikampa. Sijaidai mpaka leo.